Uchovu Huo Una Tiba, Idai

Dada yangu unayeamka umechoka kuliko ulivyolala, makala haya ni yako. Ni yako wewe unayepanda ngazi za ghorofa moja ukasimama katikati kushika ukuta. Ni yako mwanafunzi unayesinzia kipindi cha hesabu, mwalimu anakuita mvivu. Ni yako mama lishe uliyewasha jiko alfajiri, ikifika saa nne moyo unadunda kana kwamba umekimbizwa. Nataka ulishike neno moja kabla hatujaenda mbali: hukuzaliwa mchovu. Uvivu haupaushi viganja vya mikono, wala haumkatishi mtu pumzi akibeba ndoo moja ya maji. Upungufu wa damu hufanya hivyo, na mara nyingi sana chanzo chake ni mwili kuishiwa madini ya chuma. Ugonjwa huo unapimika. Unatibika. Watu wanapona na kurudi kwenye nguvu zao.

Hauko peke yako hata kidogo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 duniani, 30 hivi wana upungufu wa damu. Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 uliwakuta 45 katika kila 100. Karibu nusu! Chukua daladala iliyojaa akina mama, gawanya kwa mbili, ndio hao. Tatizo likienea hivyo, watu hulizoea. Binti analalamika kizunguzungu, shangazi anamjibu, "Hata mimi nilikuwa hivyohivyo, utazoea." Mke anasema hana nguvu, anaambiwa apunguze mawazo. Miaka inapita, mtu anaishi nusu ya maisha yake huku akiamini hiyo ndiyo tabia ya mwili wake.

Mimi nakataa, na ninakuomba ukatae pamoja nami.

Ujue kwanza kinachoendelea ndani yako. Chuma ndicho kinachotengeneza hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni kutoka kwenye mapafu kwenda kila kona ya mwili. Chuma kikipungua, hemoglobini hupungua, na oksijeni inayofika kwenye misuli na ubongo huwa ndogo. Moyo unajitahidi kufidia kwa kupiga haraka zaidi. Yale mapigo unayoyasikia masikioni usiku ukilala kimya ni moyo wako unaofanya kazi ya ziada ili uendelee kuishi. Ndiyo maana kichwa kinauma, akili haitulii kwenye kitabu, nywele zinakatika, kucha zinakuwa laini na kubonyea, na miguu haitaki kutulia kitandani. Yote hayo yanatoka kwenye shina moja.

Kuna dalili nyingine ambayo wengi wanaificha kwa aibu: hamu ya kutafuna udongo, barafu au mchele mbichi. Masokoni kwetu vipande vya udongo vinauzwa waziwazi, na wanunuzi wengi ni wajawazito. Hamu hiyo mara nyingi huenda sambamba na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kuzuia chuma kisinyonywe tumboni. Ukijikuta unautamani, usijifiche. Hiyo ni habari ya kumpelekea daktari, aiweke pamoja na dalili zako nyingine. Wahenga walishatuonya: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ijue namba yako

Watu wengi wanajua namba ya simu ya fundi wao, hawajui namba ya damu yao. Anza hapo. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, sema unataka kupimwa wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, huo ni upungufu. Kwa mwanaume ni chini ya 13. Kwa mjamzito, kipimo kinachotumika sana ni chini ya 11. Usitoke chumba cha maabara na neno "damu yako iko chini kidogo." Uliza, "Ni ngapi?" Iandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Namba hiyo ndiyo itakayokuonyesha baadaye kama dawa inafanya kazi au unadanganywa na matumaini.

Usiishie kwenye hemoglobini peke yake ikiwa hospitali yako ina uwezo zaidi. Kipimo kamili cha damu huonyesha ukubwa wa seli nyekundu. Chuma kikikosekana, huwa ndogo na zilizopauka. Kipimo cha feritini huonyesha akiba ya chuma iliyobaki. Kwa mtu mzima mwenye afya, feritini iliyo chini ya mikrogramu 15 kwa lita maana yake ghala limekauka. Mtu anaweza kuwa na hemoglobini inayopita kwa shida huku akiba yake imekwisha kabisa, na uchovu anausikia. Kumbuka pia kwamba maambukizi mwilini huipandisha feritini na kuifanya ionekane nzuri wakati sivyo. Mwambie daktari kama una homa au ugonjwa mwingine siku hiyo.

Kwa nini nasisitiza kupima badala ya kukimbilia duka la dawa? Kwa sababu si kila damu pungufu imetokana na chuma. Malaria huvunja seli nyekundu. Seli mundu huzivunja pia. Kuna upungufu wa asidi ya foliki na wa vitamini B12. Kisiwani Pemba, watafiti waliwapa watoto wadogo chuma na asidi ya foliki bila kuwachagua kwa vipimo, katika mazingira yaliyokuwa na malaria nyingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopewa chuma walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kulazwa kwa ugonjwa mkali au kufa kuliko wasiopewa, ingawa wale waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walionekana kunufaika. Somo hilo limetoka kwenye ardhi yetu wenyewe. Dawa hii ni nzuri kwa anayeihitaji, na anayeihitaji hujulikana kwa kipimo. Usimpe mtoto chuma kwa kukisia.

Chanzo ni kipi?

Hapa ndipo wengi wanapoangushwa. Wanapewa vidonge, damu inapanda, wanaacha, inashuka tena. Mwaka mwingine hivyohivyo. Hakuna aliyeuliza damu inakwenda wapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwili wako unastahili kuzibwa ufa mapema.

Fanya hesabu hii nami. Kila mililita ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma. Mwanamke anayepoteza mililita 80 kwa hedhi moja amepoteza miligramu 40 hivi. Kutokana na chakula cha kila siku, mwili hunyonya miligramu moja hadi mbili tu. Yaani jasho la mwezi mzima la tumbo lako linaweza kumezwa na siku chache za hedhi. Kama unabadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, kama damu inatoka na mabonge, kama hedhi inapita siku saba, kama unalazimika kuamka usiku kubadilisha shuka, hiyo si hedhi ya kuvumilia. Inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, yaani fibroidi, au tatizo la homoni. Zipo dawa za kupunguza damu hiyo, upo uzazi wa mpango wa homoni unaosaidia, upo upasuaji pale unapohitajika. Ongea na daktari kwa uwazi ule ule ambao ungesimulia jino linalouma.

Vyanzo vingine ni vya kimyakimya zaidi. Minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya mguu unaokanyaga udongo wenye kinyesi, hujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu siku baada ya siku. Kichocho nacho humtoa mtu damu polepole. Vidonda vya tumbo huvuja bila kelele, hasa kwa mtu anayemeza dawa za maumivu kama diklofenaki au aspirini kila mgongo unapouma. Bawasiri zinazotoa damu kila uendapo chooni ni chanzo kamili, hata kama umezizoea. Kuzaa kwa kufuatana bila mwili kupata nafasi ya kujaza akiba ni chanzo pia. Mimba moja peke yake huhitaji karibu miligramu 1,000 za chuma.

Na wewe kaka, baba, babu, usipite ukidhani hili ni la wanawake. Mwanaume akikosa chuma, au mwanamke aliyekwisha koma hedhi, lazima damu itafutwe tumboni. Inaweza kuwa kidonda, inaweza kuwa saratani ya utumbo inayovuja mapema kabla ya kuuma. Ukiambiwa ufanyiwe kipimo cha kamera cha tumbo au utumbo mpana, usikikimbie. Kinaweza kuokoa maisha yako wakati bado yanaokoleka.

Dawa hufanya kazi ikipewa nafasi

Nimeona heshima kubwa tunayoipa juisi ya rozela, bitiruti na kila kinywaji chekundu. Kunywa ukipenda. Lakini rangi nyekundu ya juisi haigeuki damu. Chuma cha mimea kinanyonywa kidogo, na aliyekwisha kuishiwa akiba hawezi kuijaza kwa kikombe cha juisi wala kwa sahani ya mchicha. Chakula bora humlinda aliyepona. Mgonjwa anahitaji dawa, na chakula kikiwa msaidizi. Kula maini, nyama, dagaa na samaki unapopata. Maharage na mboga za majani zikamulie ndimu au ule pamoja na chungwa, maana vitamini C huvuta chuma kiingie. Chai na kahawa ziache zipishane na mlo kwa saa moja au mbili, zinakizuia.

Vidonge vya chuma ni dawa ya zamani iliyothibitishwa. Daktari Mfaransa Pierre Blaud alikuwa akitibu kwa vidonge vya chuma mwaka 1832. Leo kidonge cha kawaida cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma halisi, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na kile unachopoteza kwa kutofanya kazi. Kimeze tumbo likiwa tupu ikiwezekana, kwa maji au juisi ya chungwa. Usikimeze na maziwa, chai, wala dawa za kiungulia.

Sasa tuseme ukweli kuhusu yale yanayowafanya wengi waitupe pakiti. Choo kitakuwa cheusi. Hiyo ni kawaida. Unaweza kupata kichefuchefu, tumbo kuuma au choo kigumu. Wengi hukata tamaa siku ya nne na kuona aibu kumwambia daktari. Rudi umwambie! Kipo cha kufanya: kumeza pamoja na chakula kidogo, kubadilisha aina ya kidonge, kupunguza dozi, au kumeza siku moja na kuruka siku moja. Watafiti wa Zurich, Uswisi, walionyesha kwamba baada ya dozi ya chuma ini hutoa homoni iitwayo hepsidini inayofunga mlango wa kunyonya chuma kwa muda wa siku nzima hivi. Kwa hiyo kumeza vingi kwa siku si lazima kukusaidie zaidi; kupumzisha tumbo kunaweza kuongeza kinachoingia na kupunguza maudhi. Amua hilo pamoja na daktari wako, hasa kama una mimba. Na dawa iweke mbali na watoto. Vidonge vichache vya chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Kisha vumilia mpaka mwisho. Baada ya wiki mbili hadi nne za kumeza vizuri, hemoglobini inatakiwa iwe imepanda kwa gramu moja hadi mbili. Rudi upime, uone kwa macho yako. Nguvu zitaanza kurejea, na hapo ndipo hatari ya kuacha inapokuja. Usiache! Hemoglobini ikishafika mahali pake, endelea miezi mitatu hivi ili akiba nayo ijae. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ndicho kitakachokubeba hedhi zijazo na mimba zijazo.

Ikiwa umemeza kwa uaminifu na namba haipandi, usijilaumu na usikubali kuongezewa pakiti nyingine bila maswali. Huenda bado unavuja damu. Huenda una bakteria wa vidonda vya tumbo au ugonjwa wa utumbo usioruhusu chuma kupita. Huenda hukuwa na upungufu wa chuma tangu mwanzo. Na upo chuma kinachoingizwa moja kwa moja kwenye mshipa kwa dripu, kwa wale ambao vidonge vimewashinda au ambao hawana muda wa kusubiri. Hapa hapa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwalinganisha wanawake waliojifungua waliopewa chuma cha mshipani na waliopewa vidonge. Wiki sita baadaye, wa mshipani waliofikia damu ya kawaida walikuwa wengi zaidi. Chuma hicho cha mshipani hakipatikani kila kituo na gharama yake ni kubwa kuliko vidonge, lakini una haki ya kuuliza kinapatikana wapi na kuomba rufaa.

Zungumza, usinyamaze

Naelewa foleni ya hospitali. Umekaa tangu saa moja asubuhi, ukiingia unapewa dakika tano, unasahau nusu ya ulichotaka kusema. Basi jiandae kabla. Andika dalili zako na zilianza lini. Andika hedhi inachukua siku ngapi na pedi unazotumia. Andika dawa zote unazomeza, za kienyeji zikiwemo. Ukiingia, sema kwa heshima na kwa sauti iliyo wazi: "Dokta, nimechoka kwa miezi mingi, nashindwa kazi. Naomba nipimwe damu. Nataka kujua ni ngapi, chanzo ni nini, na nirudi lini kupima tena." Maswali hayo matatu yakikosa majibu, yaulize tena. Ukiambiwa ule vizuri tu ukapumzike, mwambie umeshajaribu na hali haijabadilika. Ukiona hausikilizwi, nenda kwingine, na nenda na mtu: dada, rafiki, mume. Macho mawili ya ziada husaidia, na sauti ya pili huongeza uzito.

Zipo pia hali ambazo hazingoji foleni ya kesho. Ukikosa pumzi ukiwa umekaa, ukipata maumivu ya kifua, ukizimia, ukitokwa damu isiyokoma, au ukipata choo cheusi chenye kunata kama lami na harufu kali, nenda hospitali sasa hivi. Huko wanaweza kukuongezea damu na kukuokoa.

Nanyi wanaume, hili mlisikie. Nyumba nyingi, finyango kubwa ya nyama huwekwa kwenye sahani ya baba, na mama hula mchuzi. Badilisheni hilo leo, haligharimu hata shilingi. Mkeo akiwa mjamzito, msindikize kliniki, ukumbuke vidonge vyake vya chuma na asidi ya foliki, vile ambavyo kliniki huviita fefo. Katika utafiti mkubwa uliofanyika hospitali za Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistan na kuchapishwa mwaka 2023, zaidi ya wanawake 10,000 wenye upungufu wa damu walifuatiliwa walipojifungua. Kadiri damu ilivyokuwa chini ndivyo hatari ya kuvuja damu nyingi ilivyopanda, na kwa wenye upungufu mkali, uwezekano wa kufa au kuponea chupuchupu ulikuwa kama mara saba ya wenye upungufu wa kati. Mwanamke anayekwenda leba bila damu anakwenda bila akiba. Mjazie akiba hiyo miezi mingi kabla.

Walimu, mkimwona msichana anayesinzia kila siku na midomo imepauka, kabla ya kumpa adhabu muulizeni kama amewahi kupimwa damu. Waajiri, saa mbili za kumruhusu mfanyakazi aende maabara zitawarudishia mtu mwenye nguvu. Shangazi na bibi, neno lenu lina uzito nyumbani. Acheni kumwambia binti atazoea, mwambieni akapime.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa huku ukijiona katika kila aya, usiiweke kesho. Kuna kazi uliyotaka kuianza ukaona huna nguvu, kuna watoto wanaotaka ucheze nao jioni, kuna masomo uliyoyaacha kwa kudhani akili yako ni nzito. Akili yako si nzito, imenyimwa oksijeni. Wiki hii, chagua siku, tenga nauli, mwombe mtu akusindikize. Kapime. Uliza namba. Uliza chanzo. Meza dawa mpaka mwisho, kisha rudi upime tena. Ukishapona, mshike mkono mwenzako mmoja umpeleke naye. Afya yako ni haki yako: nenda kaidai.